Lugha ya Cheti cha Kifo: Uhakiki wa Istilahi za Usajili wa Vifo

Kazi ya kuunda istilahi hufanyika mezani. Maneno hupangwa safu mbili, la kigeni upande mmoja na la Kiswahili upande wa pili. Hujadiliwa, husanifiwa, kisha huchapishwa na kupelekwa kwa watumiaji. Ni mara chache sana sisi wenye kazi hiyo hupata nafasi ya kulifuata neno mpaka mwisho wa safari yake, tukaona limefika mikononi mwa nani na limemtendea nini. Makala haya yametokana na nafasi moja ya namna hiyo.

Tulikuwa Ulemo, kata ya Wilaya ya Iramba katika Mkoa wa Singida, kwa shughuli nyingine kabisa: kukusanya majina ya mazao na zana za kilimo. Mwenyeji wetu alipowaeleza majirani kwamba tumetoka katika kazi ya Kiswahili, mama mmoja mjane alikuja jioni akiwa na mkebe wa bati. Ndani ya mkebe mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne na kufungwa katika mfuko wa nailoni. Mumewe alifariki hospitalini, nje ya mkoa, akaletwa kuzikwa nyumbani. Karatasi ile alipewa shemeji yake siku ya kuchukua maiti. Ina jina la marehemu, tarehe, sahihi na muhuri. Juu yake pameandikwa kwamba ni tangazo la kifo.

Mama huyu alikuwa ameipeleka karatasi hiyo mahali ambapo mumewe alikuwa na akiba yake. Akaambiwa hicho si cheti. Akarudi nyumbani, akashauriana na wazee, akaenda mara ya pili na shemeji yake kama shahidi. Akaambiwa tena kwamba hicho si cheti; kwamba lililo mkononi mwake ni tangazo tu, na kwamba alipaswa kulitangaza ndani ya siku 30. Hapo ndipo alipotuuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake:

"Nilitangaza, wanangu. Kanisani walitangaza, redioni walitangaza, na watu walikuja mpaka wa Nzega. Sasa wanataka nitangaze wapi tena?"

Tulimweleza kadiri tulivyoweza. Lakini njiani, tulipokuwa tukirudi, tulikubaliana kwamba mama yule hakukosea Kiswahili. Alilielewa neno tangazo kama linavyoeleweka na kila Mswahili. Aliyekosea ni aliyeliweka neno hilo mahali pale, na sisi tuliolipita miaka yote hii bila kuligusa.

Chimbuko la lugha hii

Kabla ya kulihukumu neno lolote yafaa tujue lilikotoka. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, ambayo leo ni Sura ya 108 ya sheria za Tanzania Bara, asili yake ni ya mwaka 1920. Ilitungwa kwa Kiingereza, chini ya utawala wa Waingereza, na hapo mwanzo haikuwashurutisha Waafrika kuandikisha vizazi na vifo vyao. Kwa hiyo lugha ya fomu zake haikukusudiwa msomaji wa Ulemo. Ilikusudiwa karani na mkazi wa mjini mwenye mwanasheria wake.

Baada ya Uhuru sheria hiyo ilipanuliwa hatua kwa hatua, nayo fomu zikahitaji Kiswahili. Aliyezitafsiri alikuwa na kazi ya haraka. Hapakuwa na orodha ya istilahi za usajili wa kumsaidia, na kila ofisi ilijifanyia tafsiri yake. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, mwaka ule ule ambao Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya shughuli za Serikali. Lakini wakati huo fomu nyingi zilikuwa tayari zimekwisha kuingia katika makabati ya ofisi.

Usajili wenyewe ulikuwa chini ya Kabidhi Wasii Mkuu, na tangu mwaka 2006 umekuwa chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao wengi tunaujua kwa kifupi cha RITA. Wilayani, kazi hiyo hufanywa katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Siku hizi baadhi ya maombi hupelekwa pia kwa mtandao. Tena mwaka 2021 Bunge lilifanya marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake ni kwamba maneno yaliyokuwa yakiishi ndani ya fomu tu, kama watoto wa kambo wa lugha, sasa yanaingia katika vifungu vya sheria. Neno likikosewa sasa litakuwa limekosewa kwa nguvu ya sheria. Ndiyo sababu tumeona wakati wa kuyahakiki ni huu.

Tangazo au taarifa?

Kitenzi tangaza kimetokana na tangaa, yaani kuenea na kujulikana kwa watu wengi. Anayetangaza huwaambia wote na hamwambii mtu maalumu. Mpiga mbiu hutangaza, redio hutangaza, mchungaji na imamu hutangaza. Tena katika Kiswahili chetu cha Tanzania maneno tangazo la kifo yana makazi yake ya siku nyingi: ni yale maelezo yasomwayo redioni, yenye jina la marehemu, majina ya ndugu walioko mbali, na siku ya mazishi. Hakuna mtu mzima nchini asiyeyajua.

Jambo linalotakiwa na sheria ni tofauti. Ni kumfahamisha Msajili, na Msajili peke yake, kwamba mtu fulani amekufa, mahali fulani, siku fulani. Kwa kitendo hicho Kiswahili kina kitenzi arifu na jina taarifa. Kuarifu hudai mwarifiwa: humwarifu nani? Swali hilo likiulizwa tu, mtu huelewa kwamba safari yake haijaisha. Kutangaza hakudai hivyo. Aliyekwisha kutangaza amekwisha.

Karatasi ile ya mkebeni, basi, kama ingeandikwa juu yake Taarifa ya kifo kwa Msajili, ingekuwa imemwambia mjane yule mambo mawili: kwamba yenyewe si mwisho wa jambo, na kwamba inangojewa na mtu. Hayo ndiyo mambo mawili asiyoyajua kwa muda wote alioihifadhi kwa uangalifu mkubwa.

Tunajua litakalosemwa. Litasemwa kwamba tangazo la kizazi na tangazo la kifo ni maneno yaliyozoeleka na kwamba wauguzi na watendaji wanayajua. Ni kweli wanayajua. Lakini fomu haikuandikwa kwa ajili ya anayeijaza kila siku. Imeandikwa kwa ajili ya yule atakayeishika mara moja au mbili katika maisha yake yote, tena katika siku ambayo macho yake yamejaa machozi.

Cheti, hati, kibali

Neno cheti lilitufikia kutoka Kihindi, na hapo zamani lilikuwa na maana ya barua fupi au kikaratasi. Maana hiyo ndogo haijafa. Mgonjwa hupewa cheti aende kuchukua dawa. Mama hubeba cheti cha kliniki. Mwanafunzi huleta cheti cha daktari. Upande wa pili, cheti kimepanda cheo hadi kuwa karatasi ya kuthibitisha jambo kubwa: cheti cha kuhitimu, cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa. Neno moja limebeba karatasi ya senti na karatasi ya maisha.

Katika usajili wa kifo jambo hili lina madhara. Daktari hujaza karatasi inayoeleza maradhi yaliyoua. Katika mazungumzo ya hospitali nayo huitwa cheti cha kifo. Msajili naye, baada ya kuingiza kifo katika daftari lake, hutoa karatasi iitwayo cheti cha kifo. Msomaji ataona mara moja kwamba ofisi mbili za umma zinaweza kuandikiana barua juu ya cheti cha kifo na kila moja ikawa na karatasi yake akilini. Wengine, kwa kutaka kutofautisha, huiita ya pili hati ya kifo. Lakini hati nayo ina kazi zake: hati ya kumiliki ardhi, hati ya kusafiria, hati ya mashtaka.

Maoni yetu ni kwamba cheti cha kifo kibaki kuwa jina la karatasi moja tu, ile itolewayo na Msajili. Kimekwisha kuota mizizi kwa wananchi, nacho kinakwenda pamoja na ndugu zake, cheti cha kuzaliwa na cheti cha ndoa. Karatasi ya daktari iitwe kwa kazi yake: uthibitisho wa daktari wa sababu za kifo. Jina ni refu, lakini halitumiwi na wananchi; ni la madaktari, wasajili na watakwimu, ambao wanaweza kuuvumilia urefu kwa ajili ya uwazi.

Kibali cha mazishi kimetupa shida zaidi. Maneno yenyewe ni sahihi na sheria inayataka. Lakini kijijini mtu huzikwa leo au kesho, na kuzika ni wajibu wa dini na wa ukoo. Mzee mmoja alituuliza kwa mshangao, "Tuzike kwa kibali cha nani?" Kwake, kibali huombwa kwa jambo ambalo lingeweza kukataliwa. Hatupendekezi neno hilo lifutwe, kwa maana ruhusa ndiyo maana yake hasa. Tunapendekeza fomu yenyewe iseme, kwa sentensi moja ya Kiswahili cha kawaida, kwamba kibali hiki ni cha kuzika tu na hakishiki nafasi ya cheti cha kifo. Wapo wanaokihifadhi wakidhani kwamba ndicho.

Mtoa taarifa na uhusiano wake na marehemu

Fomu humtaka mtu anayekuja kueleza habari za kifo ajiandike kama mtoa taarifa. Maneno haya nayo yamekwisha kupata mwenyewe. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa za uhalifu na mashahidi imeyazoeza masikio ya watu maana nyingine: mtu apelekaye habari za siri kwa wenye mamlaka. Mwanakijiji aliyefiwa na baba yake anapoambiwa atie sahihi chini ya maneno mtoa taarifa, si ajabu akasita. Anajiuliza ni nani anayemtolea taarifa, na ya kosa gani.

Kiswahili cha msiba kina neno lake. Mtu hutumwa kupeleka habari za msiba, na huyo aliyefika nazo huitwa mleta habari. Kwa kuwa tumekwisha kupendekeza taarifa ya kifo, tunapendekeza pia mleta taarifa. Kuleta hakuna harufu ya siri. Mletaji huja mchana, kwa miguu yake, akiwa na jambo la wazi.

Chini ya hapo fomu huuliza uhusiano na marehemu na kuacha mstari mfupi. Hapa kosa haliko katika neno, liko katika nafasi. Lugha ya Kiingereza humtenga baba mzazi na ndugu wa baba kwa majina mbalimbali, na hutosheka. Kwetu baba mkubwa na baba mdogo wote ni baba, na watoto wao ni ndugu zetu, si watu wa pembeni. Mtu aliyelelewa na baba yake mdogo akiandika baba katika mstari ule, ameandika ukweli. Lakini siku ya kufungua shauri la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, muhtasari wa kikao cha ukoo utamtaja marehemu kuwa baba mdogo, na cheti cha kuzaliwa cha mwombaji kitataja baba mwingine. Sasa kuna mtu mwenye baba wawili, mmoja hai na mmoja marehemu, na mtu huyo atatakiwa aape kiapo kueleza jambo ambalo kila mtoto wa kijiji chake analijua.

Vivyo hivyo neno ndugu. Linaweza kuwa kaka, dada, binamu, au mtu wa ukoo mmoja. Na katika hotuba lilikuwa hata mwananchi mwenzetu. Fomu nzuri ya Kiswahili isingeuliza uhusiano peke yake. Ingetoa orodha ya kuchagua: mume, mke, baba mzazi, mama mzazi, mtoto wa kuzaa, kaka au dada wa baba au mama mmoja, baba mkubwa au mdogo, mama mkubwa au mdogo, shangazi, mjomba, babu, bibi, mjukuu, shemeji, mkwe, jirani. Nasaba zetu ni pana, na fomu iliyotafsiriwa kutoka katika nasaba nyembamba haiwezi kuzikusanya.

Sababu, chanzo na namna

Sehemu hii inawahusu hasa watafsiri wa mambo ya tiba, na kwa maoni yetu ndiyo yenye hasara kubwa kuliko zote kwa Taifa.

Shirika la Afya Duniani lina mfano wa karatasi ya daktari unaotumiwa katika nchi nyingi. Sehemu yake ya kwanza ina mistari minne, na daktari hutakiwa aandike mlolongo: hali iliyoua moja kwa moja katika mstari wa juu, iliyoileta hiyo katika mstari wa pili, na kadhalika, mpaka afike kwenye ugonjwa au jeraha lililoanzisha yote. Hicho cha mwisho ndicho kihesabiwacho katika takwimu za mataifa. Shirika hilo huonya pia kwamba kusimama kwa moyo au kukatika kwa pumzi kusiandikwe peke yake, kwa sababu hiyo ni namna ya kufa tu. Kila afaye moyo wake husimama.

Tuchukue mfano. Mtu ameanguka na pikipiki, akavunjika nyonga. Akalala kitandani wiki nyingi, akapata nimonia. Usiku mmoja moyo ukasimama. Ukimwuliza karani sababu ya kifo, anaweza kuandika moyo kusimama, nimonia, au ajali, na mara zote tatu awe amesema Kiswahili fasaha. Lakini kwa Wizara inayopanga ni barabara zipi zirekebishwe na hospitali zipi zipewe vifaa, jibu linalofaa ni moja tu. Neno sababu, likiachwa peke yake, linaficha watu waliokufa barabarani ndani ya hesabu ya maradhi ya moyo.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Kina maneno matatu yaliyokaa tayari, na tunachohitaji ni kuyagawia kazi. Chanzo ni pale jambo linapoanzia, kama chanzo cha mto. Chanzo cha kifo kiwe ule ugonjwa au jeraha lililoanzisha mlolongo. Sababu ya karibu iwe ile hali iliyoua moja kwa moja. Namna ya kufa iwe moyo kusimama na mfano wake, nayo isiandikwe mahali pa chanzo. Kisha, kwa mgawanyo ule mwingine wa kisheria, wa maradhi, ajali, kujiua na kuuawa, tutumie aina ya kifo, ili tusilichoshe neno namna kwa kazi mbili.

Kwa vifo vinavyotokea nyumbani, ambako hapana daktari, istilahi hizi zina kazi pia. Tangu mwaka 1992 ulifanyika nchini utafiti wa miaka mingi, katika Dar es Salaam, Hai na Morogoro, ambao ndani yake waliofiwa waliulizwa maswali juu ya dalili za ugonjwa wa marehemu ili wataalamu wakisie kilichomwua. Njia hiyo inategemea lugha toka mwanzo hadi mwisho. Mhojaji akiuliza "Sababu ya kifo ni nini?" atajibiwa "Ni mapenzi ya Mungu," na hilo ni jibu kamili. Akiuliza "Ugonjwa ulianzaje?" ataanza kuelezwa kikohozi, homa, na siku ya kwanza mgonjwa alipokataa chakula.

Maneno ya kuachwa yalivyo

Mhakiki wa istilahi asiwe na njaa ya kubadili kila kitu. Yapo maneno ambayo tumeyatazama na kuyaacha.

Marehemu libaki. Asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya aliyerehemiwa, lakini leo linatumiwa na watu wa dini zote na wasio na dini. Tumewahi kuona tafsiri moja iliyoandika mfu kwa hoja kwamba neno hilo ni la Kibantu. Hoja hiyo ni ya kamusi, haina utu. Hakuna mtoto wa Tanzania atakayejaza jina la mama yake mbele ya neno mfu. Hayati nalo liachiwe hotuba na magazeti. Fomu isianze kupanga watu vyeo hata baada ya kufa.

Kizazi lina utata, kwani siku hizi wengi hulielewa kama rika la watu wa wakati mmoja, na wengine kama mji wa mimba. Hata hivyo vizazi na vifo ni maneno yaliyokwisha kushikamana, na likija pamoja na mwenzake utata hupungua. Zanzibar, kwa sheria ya mwaka 2018, imechagua jina pana zaidi, usajili wa matukio ya kijamii, kwa kuwa Wakala wake husajili pia ndoa na talaka. Upana huo una faida yake kwa watawala. Lakini harusi, ngoma na mkutano wa hadhara pia ni matukio ya kijamii, na asiyeambiwa hawezi kubahatisha kwamba ndipo pa kupeleka habari za msiba. Vizazi na vifo husema linalosemwa.

Juu ya kuchakata

Katika barua za siku hizi tunasoma kwamba maombi ya cheti yanachakatwa. Kitenzi hiki wengi tulikijua kwanza katika mashamba ya mkonge, ambako majani hupondwa na mashine ili nyuzi zitoke. Kikapanda hadi viwanda vya pamba na samaki, kisha kikaingia katika kompyuta, na huko hatuna ugomvi nacho: takwimu zichakatwe. Lakini kumwandikia mtu aliyefiwa kwamba kifo cha mkewe kinachakatwa ni ukali usio na sababu. Tunacho kitenzi shughulikia, ambacho kina mtu ndani yake. Ombi linaposhughulikiwa, yuko anayelishughulikia, na mwombaji anaweza kuuliza ni nani. Linapochakatwa, ipo mashine tu, na hakuna wa kuulizwa.

Hali kadhalika malipo ya usajili uliochelewa yasiitwe faini. Faini hulipwa na mkosaji. Aliyechelewa kwa sababu ya umbali, au kwa sababu ya tangazo tulilolieleza, anaweza kutozwa ada. Asiambiwe ana hatia. Neno hili moja huwazuia wengi wasije kabisa, kwa kuogopa kwamba kila mwezi upitao unawaongezea kosa.

Herufi moja

Jambo la mwisho si la istilahi, ni la tahajia, lakini hatuwezi kuliacha tukiwa tunaongea juu ya Iramba. Jina la watu wa huko tumelikuta likiandikwa Wanyiramba, Waniramba na Wanilamba, na hakuna anayepotea njia kwa tofauti hizo. Masikio ya wenyeji hayasumbuliwi na r na l. Lakini jina la mtu likiandikwa kwa r katika kitambulisho na kwa l katika cheti cha kifo, ofisi itasema ni watu wawili. Marehemu hawezi kuja kusahihisha. Walimu wa shule za msingi wanaweza kusaidia hapa kuliko kamati yoyote: kila mtoto ajue, kabla ya kumaliza darasa la nne, kuyaandika majina ya baba na mama yake kama yalivyo katika karatasi zao.

Hoja ya umbali

Wasomaji wengine watatuambia kwamba tunaishughulikia ngozi na kuuacha mfupa. Watasema shida ya mjane wa Ulemo ni nauli, ni umbali wa ofisi, ni kanuni inayotaka kifo kisajiliwe katika wilaya kilikotokea, na kwamba hata tangazo lingeitwa kwa jina la dhahabu bado angelazimika kusafiri. Tunaikubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Usajili wa watoto walio chini ya miaka mitano ulipoanza kusogezwa kwenye kata na vituo vya afya, kwa kuanzia na Mkoa wa Mbeya mwaka 2013, ilionekana wazi kwamba ofisi ikimfuata mwananchi, mwananchi huja. Vifo navyo vinastahili kufuatwa hivyo hivyo, na uamuzi huo si wa wanaistilahi.

Lakini safari za mama yule hazikuwa za umbali tu. Alikwenda mara mbili mahali pasipo pake, akiwa na karatasi isiyo yake, kwa sababu ya maneno mawili yaliyochapishwa juu. Safari hizo zingeweza kuzuiwa bila kujenga ofisi yoyote wala kununua gari. Gharama yake ilikuwa kuchapa upya fomu, ambazo huchapwa upya kila mara zinapokwisha.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo yajadiliwe na wasajili, madaktari, mahakimu na wanalugha, kabla ya kuingizwa katika tafsiri za sheria:

1. Taarifa ya kifo kwa Msajili, badala ya tangazo la kifo. Tangazo la kifo liachiwe redio, kanisa na msikiti.

2. Mleta taarifa, badala ya mtoa taarifa.

3. Cheti cha kifo, kwa karatasi ya Msajili peke yake.

4. Uthibitisho wa daktari wa sababu za kifo, kwa karatasi ya daktari.

5. Kibali cha mazishi, kibaki, pamoja na sentensi ya maelezo kwamba hakishiki nafasi ya cheti cha kifo.

6. Chanzo cha kifo, sababu ya karibu, namna ya kufa na aina ya kifo, kila moja kwa kazi yake kama tulivyoeleza.

7. Ada ya kuchelewa, badala ya faini. Na kushughulikia maombi, badala ya kuchakata.

8. Orodha ya nasaba ya kuchagua, badala ya mstari mtupu wa uhusiano na marehemu.

Tunawaomba watafsiri wasiyachukue maneno haya kama amri, bali wayajaribu kwanza. Njia ya kuyajaribu ni rahisi. Mpe fomu mtu asiyefanya kazi ofisini, umwache aisome, kisha umwulize jambo moja: baada ya karatasi hii, unakwenda wapi? Kama hajui, neno limeshindwa, hata kama limepitishwa na kamati.

Mama wa Ulemo tulimwandikia kwa mkono, nyuma ya bahasha, jina la ofisi anayopaswa kwenda na karatasi anazopaswa kuchukua. Aliisoma bahasha mara mbili, akaikunja, akaiweka katika mkebe pamoja na ile nyingine. Alituuliza kwa nini maneno yale hayakuandikwa katika karatasi ya kwanza.